UZI: Mbona mpelelezi hakuwa mweusi? Sinema na riwaya za uhalifu za Ulaya, miaka ya 1950

Kiko Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo linanikera kila nikitazama picha za zamani za upelelezi za Waingereza na Wafaransa. Watu husema zile picha hazikuwa na weusi kabisa. Si kweli, walikuwamo. Tatizo ni kazi waliyopewa. Mweusi alikuwa anaingia kwenye hadithi akiwa maiti au mshukiwa, na akibahatika sana anakuwa yule mtu mwema ambaye hapandishi sauti hata akitukanwa usoni. Anayeuliza maswali, anayeingia nyumba za watu na kufungua makabati yao, huyo ni mzungu. Nitachukua picha moja niichambue, mengine mtaongeza wenyewe. Tahadhari: nitataja muuaji.

Picha yenyewe ni Sapphire ya 1959. Mwongozaji Basil Dearden, mtayarishaji Michael Relph, mwandishi Janet Green. Ilichukua tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza ya mwaka huo, kwa hiyo msidhani nimeokota kitu kichochoroni. Na mkumbuke hali ya London wakati ule. Mwishoni mwa Agosti 1958 hadi mwanzoni mwa Septemba, makundi ya vijana wa kizungu yalikuwa yakiwawinda watu wa visiwa vya Karibi mitaani Notting Hill. Mei 1959, Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu eneo lilelile akafa, na hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani. Mwaka huohuo watu wanakata tiketi kwenda kuitazama Sapphire.

Inaanza na maiti ya msichana kwenye vichaka vya Hampstead Heath. Alikuwa mwanafunzi wa muziki, na kila aliyemjua alimjua kama mzungu. Ana mchumba, David, anayesomea usanifu wa majengo na amepata ufadhili wa kwenda Rome. Polisi wanamwita kaka wa marehemu. Mrakibu Hazard yuko ofisini anamsubiri, mlango unafunguliwa, anaingia daktari mweusi: Dk. Robbins, aliyeigizwa na Earl Cameron. Hakuna muziki wa kutushtua. Kuna jicho la Hazard tu, na daktari ambaye mara moja anaelewa jicho lile linauliza nini, maana amelizoea. Anaeleza kwa upole: mama mweusi, baba mzungu, yeye alitoka hivi na dada yake akatoka vile.

Kuanzia hapo upelelezi unageuka. Badala ya kumtafuta muuaji peke yake, wanaanza kumpeleleza marehemu. Wanafungua droo aliyokuwa akiifunga kwa ufunguo, wanakuta nguo za ndani za bei mbaya na picha iliyochanwa katikati, yeye anacheza dansi na mwenzake kakatwa. Chini ya sketi nzito ya sufu aliyouawa nayo kulikuwa na sketi ya ndani nyekundu inayong'aa. Inspekta Learoyd, ambaye hafichi chuki yake, anaiona ile nyekundu kama ushahidi wa damu. Yaani rangi ya nguo ya ndani imekuwa cheti cha kuzaliwa.

Sasa njooni kwenye klabu ya usiku. Ngoma zinapigwa, na mwenye klabu anawaambia polisi kwamba hata msichana awe mweupe namna gani, ngoma ikilia miguu yake itamfichua. Kamera inashuka kwenye miguu. Hapo ndipo niliposimamisha picha. Hii ni sinema iliyotengenezwa kupinga ubaguzi, na nina uhakika walioitengeneza walikuwa na nia njema, lakini kamera yenyewe imekubali maneno ya mwenye klabu. Imeshuka kwenda kuyathibitisha.

Muuaji ni Mildred, dada wa mchumba. Hazard anampeleka Dk. Robbins nyumbani kwa familia ile. Daktari anashika mdoli wa watoto wa Mildred, mkono wake mweusi juu ya kitu cha wanawe, na Mildred anapasuka, anamwaga yote. Tazameni ujanja wa tukio: daktari ndiye anayefanya kesi ipatikane, bila kuuliza swali hata moja. Ametumika kama chambo. Mwishoni Hazard anamwambia mdogo wake wa kazi kwamba hawajatatua lolote, wameokota vipande tu. Angalau hapo wamesema kweli.

Karibuni.

---

Msomaji wa Daladala

Uzi umetulia. Swali dogo: huyo binti aliyeigiza Sapphire mwenyewe alikuwa chotara kweli?

---

Kiko Baridi

Hapana mkuu. Anaitwa Yvonne Buckingham, mzungu. Na humwoni sana, ameonekana kwenye picha za mnato na akiwa maiti. Msichana ambaye sinema nzima inamhusu hana sauti, na sura yake si ya watu wake.

---

Mtu wa Pwani

Mwanzisha uzi, mimi napinga kidogo. Unaihukumu picha ya 1959 kwa macho ya leo. Niambie mwaka ule ni nchi gani nyingine ya Ulaya iliweka daktari mweusi, wakili mweusi, wanafunzi weusi, wahuni weusi na wenye nyumba wabaguzi ndani ya picha moja, kwa rangi kamili, na watu wakajaza kumbi. Umemsahau makusudi Paul Slade. Huyu ni wakili, mtoto wa askofu, ana gari, ana dharau za kutosha. Polisi wanamuuliza kwa nini asingemwoa Sapphire. Wanategemea atasema walimwonea. Anajibu kwamba baba yake asingekubali, kwa kuwa binti alikuwa nusu mzungu! Polisi wamebaki midomo wazi. Yule Slade si mtu mwema wala si mshukiwa wa kuhurumiwa. Ni mtu mwenye kiburi chake kamili. Hiyo nayo ni heshima.

---

Kiko Baridi

Slade nakupa, bwana. Ndiye mhusika pekee mle ndani anayewatazama polisi kutoka juu. Aliyemwigiza ni Gordon Heath, Mmarekani mweusi aliyekuwa na klabu yake Paris, na unaona raha aliyonayo kwenye kile kipande. Lakini hesabu dakika zake, kisha hesabu za Johnnie Fiddle anayekimbizwa gizani na kila mtu, polisi mbele, wahuni wa kizungu nyuma. Picha ilijua la kufanya na Johnnie. Na Slade haikujua, ikamwachia gari lake aende.

---

Nyeri Junction

Wacha niingilie hapa kwa sababu huyo Earl Cameron anatuhusu sisi Wakenya moja kwa moja.

Alizaliwa Bermuda 1917, akafika Uingereza 1939 kama baharia, akaosha vyombo hotelini kabla ya kuingia jukwaani. Picha yake ya kwanza kubwa ni Pool of London ya 1951, ya Dearden huyohuyo. Ni hadithi ya uhalifu wa bandarini. Almasi zimeibwa, mabaharia wanatumika kuzivusha, na Cameron ni Johnny, kijana wa Jamaika anayebebeshwa mzigo bila kujua kilichomo. Wikendi ile anakutana na Pat, binti wa kizungu. Wanatembea mjini, wanazungumza, wanapendana kimyakimya, na hawabusiani. Inasemwa kuwa ndiyo picha ya kwanza ya Uingereza kuonyesha mapenzi ya namna hiyo. Ukitazama jinsi anavyogeuza uso kila mtu akimtazama yule binti, utaelewa uigizaji ni nini.

Halafu 1955 anakuja kwenye Simba. Hii inahusu Mau Mau, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Dirk Bogarde ni mlowezi anayefika Kenya kukuta kaka yake ameuawa. Imejengwa kama hadithi ya upelelezi: nani ni "Simba", kiongozi wa siri? Cameron ni Dk. Karanja, daktari Mkikuyu mwaminifu ambaye baadaye inajulikana baba yake mzazi ndiye Simba. Karanja anakufa akijaribu kutuliza umati. Mwema, msomi, mpole, na lazima afe. Hakuna anayeuliza ardhi ilikuwa ya nani kabla ya kaka wa Bogarde. Upelelezi unatafuta jina la kiongozi, sababu haitafutwi kabisa.

Kwa hiyo daktari wa 1955 na daktari wa 1959 ni mtu mmoja aliyebadilishiwa koti. Cameron alijua hilo vizuri. Ila mkumbuke alipanda hadi akatunukiwa nishani ya CBE mwaka 2009 na akafa Julai 2020 akiwa na miaka 102. Wengi waliompa zile nafasi finyu walimtangulia zamani.

---

Bi Hadithi

Jamani mmejifungia kwenye sinema, vitabu je? Mwaka 1955 Agatha Christie alitoa Hickory Dickory Dock. Nyumba ya wanafunzi London, mtaa wa Hickory Road namba 26, humo yumo Mwafrika wa Magharibi anaitwa Akibombo, yumo Elizabeth Johnston wa Jamaika anayesoma sheria, wamo Wahindi na Wazungu wa kila namna. Vitu vinaibwa vidogo vidogo, kisha watu wanakufa, mpelelezi Poirot anaitwa.

Bi Agatha aliitazama London iliyobadilika akaiandika, hiyo sifa apewe. Elizabeth ndiye kichwa kuliko wote darasani. Anamwagiwa wino wa kijani kwenye maandishi yake ya masomo, na hiyo sehemu inauma, maana kila aliyesoma ugenini anajua kazi ya muhula mzima ni nini. Lakini Akibombo! Kiingereza chake kimevunjwavunjwa ili wasomaji wacheke. Mtu huyohuyo ndiye anatoa habari muhimu kuhusu unga uliobadilishwa kwenye chupa ya dawa ya tumbo. Anajua kitu cha maana, na mwandishi anamvisha kofia ya mchekeshaji ili asionekane anajua.

Na Poirot mwenyewe ni mkimbizi wa Kibelgiji. Mgeni anaruhusiwa kuwa mpelelezi, mradi ugeni wake uishie kwenye masharubu.

---

Rafu ya Chini

Nimesoma yote kimya, sasa nataka kumjibu mwanzisha uzi kwenye kichwa chake cha habari. Mpelelezi mweusi alikuwepo. Alizaliwa Paris.

Chester Himes, Mmarekani, mzaliwa wa Jefferson City, Missouri, 1909. Kijana akahukumiwa kwa wizi wa kutumia silaha, akafungwa gereza la Ohio tangu 1928 hadi 1936, na huko ndiko alikoanza kuandika. Riwaya zake za kwanza zilikuwa nzito, za hasira ya rangi, na Marekani hawakumpa nafasi aliyostahili. Mwaka 1953 akahamia Ulaya. Paris akakutana na Marcel Duhamel, aliyeanzisha Série Noire pale Gallimard mwaka 1945, mfululizo wa vitabu vya uhalifu vyenye jalada jeusi na njano. Duhamel alikuwa amekwisha mfasiri zamani. Akamwambia aandike hadithi ya upelelezi. Himes akasema hajui hiyo kazi. Duhamel akampa maelekezo ambayo kila mwandishi wa Bongo angebandika ukutani: anza na kitendo, mtu anafungua mlango, mwili upo sakafuni, usinieleze mtu anafikiri nini, nionyeshe anafanya nini.

Himes akarudi na kurasa zake za mwanzo. Utapeli mtupu, Harlem yote inapumua, lakini Duhamel akamwambia hadithi ya polisi haiwezi kukosa polisi. Ndipo wakaingia Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, wapelelezi wawili weusi wa Harlem, wakiwa na bastola ndefu za kung'aa. Hawakuwemo kwenye mpango! Waliingia kwa sababu mhariri wa Kifaransa alitaka sheria za aina ile ya kitabu zifuatwe. Kitabu kikatoka kwa Kiingereza 1957, kwa Kifaransa 1958, na 1958 hiyohiyo kikampa Himes Grand Prix de littérature policière. 

Hadithi yenyewe: Jackson, mnyonge anayefanya kazi kwa mwenye shughuli za mazishi, anaaminishwa kwamba noti za dola 10 zinaweza kugeuzwa za 100 kwa karatasi maalumu na joto la oveni. Oveni inalipuka, "polisi" anaingia, pesa zimeyeyuka. Ndugu yake, Goldy, anaishi kwa kuvaa nguo za sista na kuuza tiketi za kwenda mbinguni.

---

Nyeri Junction

Hiyo ya noti ni wash wash kabisa! Kumbe mchezo una umri wa babu zetu.

---

Mtu wa Pwani

Rafu ya Chini, umeandika vizuri mpaka nimetafuta kitabu. Ila Harlem iko New York. Hiyo si hadithi ya Ulaya. Huyo Duhamel alitaka weusi wa mbali, wa jazi na bastola. Weusi wa Paris yenyewe, na Waalgeria waliojaa viwandani kule, wako wapi kwenye Série Noire ya miaka ile?

---

Rafu ya Chini

Hapo umegusa kidonda, na jibu si zuri kwa Wafaransa. Mweusi wa Marekani alipendwa Paris kwa sababu dhambi aliyotendewa ilikuwa ya wengine. Tazama Boris Vian. Mwaka 1946 alitoa riwaya ya uhalifu kwa jina la Vernon Sullivan, akidai ni kazi ya Mmarekani mweusi na yeye ni mfasiri tu. Vernon Sullivan hakuwepo. Mhusika wake ni mtu mweusi mwenye ngozi nyeupe anayelipiza kisasi cha ndugu yake, yaani kinyume cha Sapphire miaka 13 kabla. Kikauzwa kwa fujo, 1947 nakala ikakutwa kando ya mwanamke aliyeuawa hotelini Montparnasse, 1949 kikapigwa marufuku. Vian alikufa Juni 1959 akiwa ukumbini anatazama filamu iliyotokana nacho. Mzungu alijivika ngozi nyeusi ili auze, na akauza.

Chukua pia Ascenseur pour l'échafaud ya Louis Malle, 1958. Muziki ni wa Miles Davis, aliurekodi Paris Desemba 1957 usiku mmoja huku akitazama vipande vya picha. Ile tarumbeta ndiyo roho ya filamu, Jeanne Moreau anatembea usiku na tarumbeta inamfuata. Mtu mweusi anasikika mwanzo hadi mwisho, haonekani. Na muuaji ni nani? Askari wa zamani wa miamvuli, aliyepigana Indochina na Algeria. Vita imo kwenye wasifu wake, lakini Mwalgeria hayumo popote. Oktoba 17, 1961 polisi wa Paris chini ya Maurice Papon waliwaua Waalgeria waliokuwa wakiandamana, wengine wakatupwa mto Seine. Riwaya ya upelelezi ilikuja kuligusa hilo wazi mwaka 1984, kwa Didier Daeninckx, na ilitoka Série Noire hiyohiyo.

---

Mlushi wa Liège

Bonjour ndugu zangu, miye niko Liège, kwa hiyo siwezi kuacha Simenon, mwandishi wa riwaya za mpelelezi Maigret, apite bila kusemwa. Alizaliwa hapa 1903. Maigret wake anasifiwa kuwa anaelewa wanyonge, na ni kweli. Lakini soma Maigret et son mort ya 1948: genge linaloua wakulima Picardy ni Wacheki, wamejazana chumba kimoja mtaa wa maskini, wameandikwa kama wanyama wa pori. Mwaka 1932 Simenon huyohuyo alipita Congo yetu, akarudi kuandika makala kali za kuumbua uongo wa wakoloni. Kwenye magazeti aliona. Kwenye Maigret, ofisi ya polisi ilibaki ileile na sisi hatukuingia hata kutoa ushahidi.

---

Bi Hadithi

Na wakati wote huo, Zanzibar, Muhammed Said Abdulla alikuwa anaandika Bwana Msa! Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikachapishwa 1960. Mpelelezi wetu, kiko mdomoni, Najum pembeni, maiti ya tajiri mwenye mashamba. Sherlock Holmes anaonekana wazi kwa nyuma, lakini anayejua ukweli mle ndani ni Bwana Msa, na hakuna mzungu wa kumwidhinisha.

---

Mtu wa Pwani

Hakuna mzungu ndani ya kitabu, dada. Shindano liliandaliwa na nani? Ofisi ya serikali ya kikoloni. Himes alifunguliwa mlango na Duhamel, Abdulla na Bureau. Tena tajiri aliyeuawa ni mwenye mashamba, na anayechunguza anakula meza moja na wenye mashamba. Bwana Msa nampenda sana, lakini wafanyakazi wa mashamba mle ndani wana kauli gani?

---

Kiko Baridi

Hilo la wafanyakazi wa mashamba lifungulie uzi wake, nitakuja. Ila mlango kufunguliwa na mtu si sawa na kuandikiwa maneno ya kusema. Duhamel alidai polisi wawepo. Hakuamuru wawe Coffin Ed, aliyemwagiwa tindikali usoni katika kitabu cha kwanza na akatoka pale akiwa mtu wa kutisha hata kwa walio wema.

---

Rafu ya Chini

Na msisahau hao wapelelezi wawili wanawapiga weusi wenzao vibaya sana, kwa mshahara wa serikali ya wazungu. Himes alilijua hilo na lilimtafuna. Blind Man with a Pistol, ya 1969, haina ufumbuzi. Mauaji yanatokea, wawili hawa wanaambiwa na wakubwa wasichimbe, ghasia zinaenea Harlem, na mwishoni Coffin Ed na Grave Digger wako kwenye majengo yanayobomolewa wanapiga risasi panya wanaotoka mbio. Kipofu mwenye bastola yuko kwenye treni ya chini ya ardhi anafyatua ovyo. Kesi imeishia hapo.

---

Mtu wa Pwani

Basi mpelelezi mweusi naye hajapewa mwisho wake. Hoja ya uzi imetoboka.

---

Kiko Baridi

Imetoboka upande mmoja, nakubali kujadili. Lakini wale wawili wameshindwa kazi yao wenyewe, wamejua ni nani aliyewazuia, na wamekasirika ukurasa mzima. Dk. Robbins aliitwa, akashika mdoli, akarudi zake.

Nyeri Junction, ile Simba naomba uifungulie uzi wa peke yake, kuna watu humu wazee wao waliwekwa kizuizini na wana la kusema. Na anayetaka pa kuanzia kabla ya mengine yote, atafute Pool of London.